Mgeni Alikuja Julai

Aliandika kutoka Martiniki,
kisiwa ambacho Katuba nzima hatukukijua.
Jina lake Eudoxe, mwandiko wa mwalimu:
"Nasikia una chumba cha wageni.
Sherehe zenu ni mwezi gani?
Nipe tarehe, nikate tiketi."

Tarehe! Nilicheka peke yangu, maharage yakaungua.
Nikamjibu: Njoo mvua ya kwanza ikishapiga bati.
Mwisho wa Oktoba, au Novemba, mawingu ndiyo yanayojua.
Jakaranda zitakuwa zimemwaga zambarau yote barabarani,
masuku yatauzwa kwa kikombe kila njia panda,
usiku kumbikumbi watazonga taa
na watoto watawafuata na mabeseni hadi uani kwa watu,
na uyoga, Bwana, uyoga mpana kama sinia,
muuzaji anajifunika nao mvua ikimkuta njiani.
Hatuna kamati. Hatuna jukwaa.
Udongo ukinukia tu, mji unajua.

Likizo yake ilikuwa Julai.

Akaja na mashati ya mikono mifupi.
Baridi ya alfajiri ikamshika shingo kama mdai,
nikamvika koti la kaka yangu, mikono ikamfika viwikoni.
Lubumbashi ya Julai ni vumbi jekundu,
moshi wa nyasi zinazochomwa huko nje ya mji,
midomo iliyopasuka, na mafuta ya mawese ya kuipaka.
"Leo kuna nini?" aliuliza siku ya kwanza.
Na ya pili. Na ya tatu.
Ya nne alikaa barazani akihesabu malori ya shaba.

Jumamosi Mama Nsenga aliondoa matanga,
nyumba ya tatu kutoka kwetu.
Mumewe, Kapumba, alikula moshi wa tanuru miaka thelathini na mmoja
akatuachia kofia ngumu, buti, na kikohozi
ambacho bado tunakisikia saa kumi na moja asubuhi.
Nikamwambia mgeni: Twende. Hii si sherehe.
Beba kiti chako.

Watani waliingia bila hodi.
Chola wa ukoo wa upande wa pili
alikuwa ndani ya buti za marehemu,
kofia imemfika puani,
akakohoa kikohozi kilekile, kwa kipimo kilekile,
akamwita mjane: "We mwanamke! Bukari imepoa!"
Kisha akalala kifudifudi mlangoni:
hapiti mtu, haliliwi jambo,
mpaka wafiwa walipe faini ya kumzika bila ruhusa yake.
Mama Nsenga alicheka hadi akashika ukuta,
akacheka, akacheka, na palepale kicheko kikageuka,
na hakuna aliyemzuia.
Gitaa la debe likaanza. Munkoyo ukazunguka.

Nilimtafuta mgeni wangu.
Alikuwa amepiga magoti karibu na Chola
akipanga faranga zake zote kifuani pa "marehemu",
machozi yakichora mistari katika vumbi la uso.
"Kwetu," akasema, "siku ya mwisho ya kanivali
tunavaa nyeusi na nyeupe,
tunamchoma mfalme wa makaratasi ufukweni
na tunamlilia kama baba.
Mimi baba yangu sikumlilia.
Nilikuwa naandaa ngoma za watalii."

Chola akafungua jicho moja.
"Baba yako alikuwa anakohoaje?"

Mgeni akakohoa.
Kidogo kwanza, kwa aibu.
Kisha Chola akamvua yeye koti, akamvika kofia,
na uani kwa Mama Nsenga, katika mtaa wasiojua kisiwa chake,
akatembea mzee mmoja wa Martiniki,
mguu wa kushoto akiuburuta,
akilalamikia chumvi ya samaki.

Aliondoka Jumanne.
Uwanjani aliniuliza, mwakani ni lini,
akajisikia, akaufunga mdomo.

Mvua ilichelewa mwaka ule.
Uyoga ulipotoka nilikausha vipande saba juu ya bati,
nikavifunga kwenye gazeti, nikaandika jina lake.
Vipo kabatini.
Havijapata msafiri.